Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kumwabudu Mungu kwa moyo wote

Maswali haya yametoka darasani kwa wanaojiandaa kubatizwa na kupata kipaimara, mengine mlangoni baada ya ibada, na mengine ndani ya tuktuk, maana dereva akishajua wewe ni mwalimu wa dini hakuachi ushuke bila kumjibu. Majibu ni ya mwalimu mmoja wa Malindi. Mchungaji wako au padre wako akikwambia tofauti, kaa naye muongee. Penye andiko, fungua Biblia usome mwenyewe, usiniamini mimi tu.

Kumwabudu Mungu kwa moyo wote maana yake nini?

Wengi wakisikia "moyo wote" hufikiria joto: sauti kubwa, machozi, mikono juu. Soma Kumbukumbu la Torati 6:4-5. Kwanza Israeli wanaambiwa Bwana ni mmoja, ndipo wanaambiwa wampende kwa moyo wote, roho yote na nguvu zote. Mungu ni mmoja, kwa hiyo na moyo unaomwendea usiwe vipande. Joto halikutajwa. Mtu anaweza kuwa na joto jingi na bado moyo wake uko sehemu tatu, kama mashua iliyotweka tanga na nanga bado iko chini.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa yule mwanamke Msamaria katika Yohana 4. Alimwuliza Yesu habari za mahali: tuabudu mlima huu, au Yerusalemu? Swali hilo lilikuwa na kidonda ndani yake, kwa sababu hekalu la Wasamaria pale Gerizimu lilibomolewa na jeshi la Wayahudi zaidi ya miaka 100 kabla ya mazungumzo yale. Yesu akamjibu kwamba waabuduo halisi watamwabudu Baba katika roho na kweli. Tunapenda sana kunukuu mstari huo, lakini tunasahau yaliyotangulia. Muda mfupi kabla, Yesu alikuwa amemgusa kuhusu wanaume aliowahi kuishi nao, na yule mama hakukana. Kweli ilianzia nyumbani kwake, kisha ndipo wakafika kwenye habari za mlima.

Wenzangu wanalia na kurukaruka, mimi nimekaa tu. Je, nimepoa?

Huenda umepoa, huenda hukupoa. Kutoka nje hakuna anayeweza kujua, wala mimi.

Katika vitabu vya Samweli kuna watu wawili wa kukusaidia hapa. Daudi alicheza mbele ya sanduku la Bwana kwa nguvu zake zote, mpaka mkewe Mikali akamdharau moyoni (2 Samweli 6). Hana, mama yake Samweli, aliomba bila sauti, midomo ikitikisika tu, mpaka kuhani Eli akadhani amelewa (1 Samweli 1). Mmoja alilaumiwa kwa kuzidisha, mwingine alieleweka vibaya kwa kunyamaza, na wote wawili Mungu aliwapokea. Waliokosea ni watazamaji: Mikali aliyekuwa dirishani na Eli aliyekuwa kitini.

Wagiriama na Wachonyi tuna miili inayoitikia kayamba kabla kichwa hakijaamua. Sioni kosa hapo. Lakini kuna mama mmoja nisiyemtaja, ambaye kwa miaka mingi hukaa benchi la tatu kutoka nyuma na sijawahi kumwona akipiga hata kofi. Nikipata shida ya kuombewa, ndiye ninayemwendea.

Neno moja kwa viongozi wa kusifu na kuabudu: acheni kuwaambia watu "huyu wa mbele yako hajapokea, mshike mkono aruke". Hiyo ni kuwatazama watu, na nyinyi mmewekwa pale kumtazama Mungu.

Sala za kusoma kitabuni si unafiki? Mtu hapaswi kuomba yanayotoka moyoni?

Pale msalabani, katika saa ngumu kuliko zote, Yesu alilia, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Hayo ni maneno ya kwanza ya Zaburi ya 22. Alikuwa ameyajifunza kama mtoto yeyote wa Kiyahudi alivyojifunza zaburi. Maumivu yalipozidi, maneno aliyokwisha kuyahifadhi ndiyo yaliyombeba.

Unafiki ambao Isaya aliulaumu (29:13), na Yesu akaurudia katika Mathayo 15, ni wa midomo kukaribia huku moyo uko mbali. Midomo hiyo inaweza kuwa inasoma Kitabu cha Sala, na inaweza vilevile kuwa inabubujika bila karatasi. Nimesikia maombi ya "kutoka moyoni" yenye sentensi zilezile kila Jumapili, mpaka watoto wa shule ya Jumapili wanajua lini itakuja "kwa namna ya kipekee". Kuhusu urefu, Mathayo 6:7 imeshasema: msipayukepayuke.

Ni kweli Ukristo Malindi uliletwa na Vasco da Gama?

Da Gama alipita hapa mwaka 1498, akapata rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi, na ule msalaba wa mawe pale ncha ya bahari ni kumbukumbu ya Wareno. Lakini biashara na mizinga si ibada. Makanisa mengi ya pwani ya leo huhesabu mwanzo wake kwa mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe mwaka huohuo, kisha akaanza kazi Rabai pamoja na Johannes Rebmann aliyefika mwaka 1846.

Kati ya hao yupo mgeni mwingine. Mwaka 1542 Francis Xavier, mmisionari Mkatoliki, akiwa safarini kwenda Goa kule India, alitia nanga Malindi na kumzika hapa mtu aliyefia melini. Kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti na makaburi yake, lile lililo karibu na bahari, watu hulihusisha na ziara hiyo. Katika barua aliyoandika akiwa Goa mwaka huohuo, anasimulia kuwa Mwislamu mmoja mwenye heshima mjini alimwuliza swali: je, nyinyi Wakristo mnakwenda kweli kwenye makanisa yenu, na mnaomba kwa bidii? Kwa maana sisi hapa, akasema, ibada imepoa; mji una misikiti 17 na watu wanakwenda mitatu tu, tena wachache.

Hilo nalihesabu swali zuri kuliko yote yaliyowahi kuulizwa na mtu wa Malindi kuhusu jambo letu. Mzee yule hakuja kubishana. Alikuwa na uchungu wa ibada iliyopoa na akataka kujua kama wenzake wa dini nyingine nao wanaugua ugonjwa uleule. Xavier alimjibu kwa hoja ya kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasioamini, na mwenyewe anakiri kuwa mzee hakuridhika. Hata mimi nisingeridhika. Aliuliza kama Wakristo wanaomba kwa moyo, na hakujibiwa. Kila nikipita pale kanisani hujiuliza angetuuliza leo, sisi wenye makanisa kila kona ya Kisumu Ndogo na Muyeye, tungemwambia nini bila kusema uongo.

Nafanya kazi hotelini na Jumapili nina zamu. Mungu atanihesabu?

Swali hili huja zaidi Desemba, hoteli zinapojaa, na huulizwa pia na vijana wa mashamba ya chumvi huko Gongoni.

Kwanza ujue kwamba kwa miaka karibu 300 ya mwanzo Jumapili haikuwa siku ya mapumziko. Kaisari Constantine ndiye aliyeifanya hivyo mwaka 321. Kabla yake Wakristo wengi, watumwa wakiwemo, waliabudu kisha wakaenda kazini. Mwaka 112 hivi, gavana wa Kirumi aitwaye Pliny, akiwa Bithynia katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alimwandikia Kaisari Trajan kuhusu Wakristo aliowahoji, wakiwemo watumishi wawili wa kike aliowatesa ili waseme. Aligundua kuwa siku maalumu hukutana kabla ya mapambazuko, humwimbia Kristo kama Mungu, na huapa: kutoiba, kutozini, kutovunja ahadi, na kutokana mali waliyowekewa amana. Baada ya hapo hutawanyika. Adui yao alitaka kupata jinai, akapata kiapo cha kutoiba.

Kwa hiyo ibada ya alfajiri ipo, itumie. Kama haiwezekani, kutana na wenzako wa zamu dakika chache nyuma ya jiko, someni zaburi moja. Kisha Wakolosai 3:23, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana. Waliokuwa wakiambiwa maneno hayo ni watumwa, uangalie mstari uliotangulia. Kitanda unachotandika chumba namba fulani kinaweza kuwa sadaka. Lakini nawe usijifiche nyuma ya andiko hili. Kama wiki ya mapumziko imefika na bado umelala mpaka saa tano, tatizo si zamu.

Tukifunga siku nyingi zaidi, si ndiyo ibada ya moyo wote zaidi?

Hapa Malindi swali hili haliwezi kujibiwa kwa wepesi. Mwezi wa Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, magharibi ya mji wetu, na miili iliyotolewa ilipita 400. Wengi walikuwa watoto. Watu waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Ya mahakama tuyaachie mahakama. Sisi tuna la kwetu la kujibu, kwa sababu wale hawakuwa watu wasiojali dini. Walikuwa na ari kuliko wengi wetu. Waliuza vitu, wakaacha kazi, wakaamini kwamba wanampa Mungu vyote.

Mfungo wa Biblia una mwisho. Yesu alifunga siku arobaini, na Mathayo anasema wazi kwamba mwisho akaona njaa. Baadaye tunamwona akila samaki, akila na watoza ushuru, mpaka wakamwita mlafi. Shetani alipomtaka ajitupe kutoka juu ya hekalu kwa sababu malaika watamdaka, alikataa. Kujiua kwa jina la imani lilikuwa jaribu, naye alilikataa kama jaribu. Na Isaya 58 inauliza saumu iliyochaguliwa na Mungu ni ipi, kisha inajibu: kufungua vifungo vya uovu, kumgawia mwenye njaa chakula chako, kumvika aliye uchi. Saumu ya Isaya huhamisha chakula kutoka sahani yangu kwenda sahani ya jirani. Saumu ambayo mtoto wa miaka mitatu ananyimwa uji haimo katika Biblia, iwe na mahubiri matamu kiasi gani.

Wengi huniuliza basi watajuaje mapema. Mtu akianza kukukataza hospitali, kisha shule ya watoto, kisha kuongea na mama yako na ndugu zako wasio wa kanisa lake, toka. Usingoje neno la kinabii. Akisema Biblia ni lazima uifasiriwe na yeye peke yake, toka vilevile. Na kama una jamaa aliyeingia kundi la namna hiyo, usikate simu kwa hasira. Endelea kumpigia hata kama hajibu, na umwambie chifu na polisi watoto wakiwa hatarini.

Kufunga chakula cha mchana Ijumaa na kumpa mtu fedha yake kunatosha kabisa. Mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha na anayekunywa dawa wasifunge chakula. Wafunge simu.

Sadaka kubwa ni dalili ya moyo mkubwa?

Daudi alipotaka kununua uwanja wa Arauna, mwenyewe alitaka kumpa bure pamoja na ng'ombe. Daudi akakataa: hamtolei Mungu kitu kisichomgharimu (2 Samweli 24:24). Kwa hiyo kipimo ni gharama kwako, wala si tarakimu.

Mjane wa senti mbili katika Marko 12 anahubiriwa kila mavuno. Naomba wahubiri wasome kuanzia mstari wa 38. Kabla tu ya mjane kutokea, Yesu anawaonya watu juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu kwa kujionyesha. Baada ya mjane, sura ya 13 inaanza kwa kutabiri kwamba hekalu lile litabomolewa. Anayetumia kisa hicho kumkamua mjane wa leo, "panda mbegu mama, utaona", ameruka mistari mitatu na kuingia mwenyewe kwenye onyo. Sadaka kwa simu ni halali. Kuitaja kwenye kipaza sauti pamoja na jina la aliyetuma, sidhani.

Nina ugomvi na mtu. Nije ibadani au nibaki?

Mathayo 5:23-24: acha sadaka yako mbele ya madhabahu, nenda ukapatane kwanza. Waliokuwa wakisikia walikuwa Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, zaidi ya kilomita 100, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Yesu alikuwa akiwaambia wamwache mnyama pale, warudi nyumbani Galilaya, wapatane, kisha wasafiri tena. Wewe umeambiwa uvuke barabara. Ukimwendea akakukatalia, umefanya sehemu yako, njoo uabudu.

Naenda kanisani, na mambo yakizidi naenda kwa mganga. Kuna ubaya?

Ndiyo. Eliya pale Karmeli aliwauliza Israeli watayumba kati ya mawazo mawili mpaka lini, na wao hawakumjibu neno. Mwarobaini, mitishamba ya bibi, hivyo ni dawa, tumia. Hirizi, kafara ya kuku na kuambiwa jina la "aliyekufunga" ni kugawanya moyo.

Niseme pia lililo zito zaidi. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi ukichimba chini unakuta shamba. Mganga anataja, vijana wa ukoo wanatekeleza, na wakati mwingine ni nabii wa kanisani anayetaja. Mtu hawezi kuinua mikono Jumapili huku amekaa kimya kwenye kikao kilichomhukumu baba yake mkubwa kwa sababu ya mvi. Amosi 5 ina maneno makali juu ya nyimbo za watu wa namna hiyo: Mungu anasema ziondoeni, sitaki kusikia. Kama kikao kama hicho kimeitishwa kwenu, tuambie sisi na uwaambie polisi siku hiyohiyo.

Kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ni habari nyingine. Kuuheshimu msitu wa kaya na wazee wake, kutokata mti pale, ni adabu ya Mmijikenda, na sioni kwa nini ubatizo uiondoe.

Ninaishi Lamu kikazi, Wakristo ni wachache na nyumba zimebanana. Niimbe?

Imba, kwa sauti ya nyumba. Mji Mkongwe wa Lamu una vichochoro ambavyo kikohozi cha jirani unakisikia, na watu wamekuwa wakisali pale kwa karne nyingi. Spika ya kesha inayoelekezwa dirisha la jirani saa nane usiku haimwongezei Mungu usikivu. Wakati wa Maulidi mji ukijaa wageni, salimia, pokea chakula ukiletewa, na wewe peleka Krismasi. Walimu na wauguzi wengi wa kanisa wameniambia adhana ya alfajiri ndiyo inayowaamsha kuomba. Sawa kabisa.

Nikiomba mawazo yanatangatanga.

Ya kila mtu. Ukigundua umefika sokoni, rudi bila kujichapa. Ikiwa ni jambo lilelile kila mara, deni au ugonjwa wa mtoto, basi liombee hilo. Pengine ndilo sala yenyewe.

Sijisikii kitu. Nimefiwa, na nyimbo za furaha zinanikera.

Pole sana ndugu. Usiimbe za furaha. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila "lakini nitamsifu" mwishoni, nayo ilihifadhiwa katika kitabu cha sifa cha Israeli. Waliofiwa baharini msimu wa kusi, ambao hata mwili hawakuupata kuuzika, wanaijua zaburi hiyo bila kufundishwa. Kuja na kukaa kimya ukiwa umemkasirikia Mungu ni kuja na moyo wote ulio nao wiki hiyo. Nasema hivi pia kwa wanaowazunguka wafiwa: msimwambie mtu "usilie, Mungu ana mpango". Yesu alijua atamfufua Lazaro na bado alilia.

Nimepoa miaka mingi. Nianzie wapi?

Njoo ibada ya kwanza, ile fupi. Usianze na kesha wala kuahidi mfungo. Nyumbani soma zaburi moja kwa sauti asubuhi, hata kama huisikii ndani. Mtafute yule uliyekosana naye. Kama kuna fedha ya watu uliyoishika, anza kuirudisha kidogo kidogo, na umwambie mwenyewe kwamba umeanza.

Mtoto wangu analia ibadani. Nitoke?

Keti, mama. Tumeweka mkeka upande wa madirisha ya mashariki kwa wanaonyonyesha, na wazee wa kanisa wameambiwa wasimtazame mtu vibaya. Akitaka kutambaa mpaka mbele, mwache. Kinanda tu ndicho asikiguse, waya wake umechubuka.